Dramu halina alama ya fuvu, lakini je, ni salama?

Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye mtaani sote twamwita Bi Mkubwa, alinunua dramu la buluu la lita 200 kwa muuzaji wa madramu yaliyotumika. Mfereji kwetu hutoka maji siku unapotaka wenyewe, na maji ya kisima yana chumvi, kwa hivyo kila nyumba ina dramu lake la kuhifadhia maji matamu yaletwayo na mikokoteni. Kabla ya kulijaza aliniita, kwa kuwa ajua nilifundisha kemia miaka mingi.

"Shikamoo Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee hiki kikaratasi."

Karatasi yenyewe ilikuwa imechanika nusu. Sehemu iliyosalia ilisema kwamba ndani ya dramu mlikuwa na povu la kuzimia moto wa mafuta, asilimia 3. Chini yake palikuwa na alama moja tu, ule mshangao mweusi ndani ya pembe nne nyekundu.

"Mimi nimetafuta lile fuvu na mifupa, sikuliona," akaniambia. "Si ni salama hili? Nilioshe kwa Omo mara tatu nitie maji?"

Nikamwambia asitie maji ya kunywa wala ya kupikia. Akaniuliza kwa nini, na jibu likatuchukua jioni nzima. Nimeona niliandike hapa, kwa sababu madramu ya aina hii yanazunguka pwani yote, na swali la Bi Mkubwa ni la watu wengi: je, kitu kisicho na alama ya hatari ni salama?

Povu lenyewe ni nini

Nianze na ile asilimia 3, kwa maana watu wengi hudhani ndiyo kiasi cha sumu. Sivyo. Ni kipimo cha kuchanganya: sehemu 3 za dawa ya povu na sehemu 97 za maji.

Moto wa petroli hauzimwi kwa maji matupu. Mafuta huelea juu ya maji na moto huenda nayo. Katika miaka ya 1960 jeshi la wanamaji la Marekani, pamoja na kampuni ya 3M, lilitengeneza povu linalotandaza utando mwembamba juu ya mafuta na kuukata moto pumzi. Mwaka 1967 moto uliwaka ndani ya manowari ya USS Forrestal na mabaharia 134 wakafa. Baada ya hapo povu la aina hiyo, linalojulikana kwa herufi AFFF, likaenea katika manowari, viwanja vya ndege, bandari na maghala ya mafuta kote duniani. Tukumbuke basi kwamba liliingia kwa sababu nzuri. Limeokoa maisha ya watu.

Kinachofanya utando ule uwezekane ni kemikali zenye florini. Kemikali hizi ni ukoo mkubwa wenye maelfu ya wanachama, na ukoo mzima huitwa PFAS. Wawili wanaojulikana zaidi ni PFOS na PFOA. Leo nitamshika PFOA, kwa sababu historia yake ya kuainishwa inafundisha mengi.

PFOA ni mnyororo wa kaboni 8. Kaboni ya mwisho ni ya asidi, na zile 7 zilizobaki zimezungukwa na florini 15. Mshikamano wa kaboni na florini ni miongoni mwa ile yenye nguvu zaidi katika kemia ya kaboni. Jua haliuvunji, bakteria wa udongoni hawauli, na ini la binadamu haliuwezi. Hapo ndipo umbo hili lilipopatia sifa yake kiwandani: halishikwi na maji, halishikwi na mafuta, halichoki kwa joto. Na hapo hapo ndipo lilipopatia ubaya wake.

Alama zasema nini

Tangu mwaka 2003 Umoja wa Mataifa una mfumo mmoja wa kuainisha kemikali na kuzitia lebo, unaoitwa GHS. Una alama tisa, kila moja ndani ya pembe nne nyekundu iliyosimama kwa ncha. Nitataja tatu.

Fuvu na mifupa ni sumu ya papo hapo. Kiasi kidogo ukikinywa au kukivuta, huenda usifike hospitali.

Mshangao, kama ule wa dramu la Bi Mkubwa, ni onyo dogo zaidi: huwasha macho au ngozi, au hudhuru ikimezwa kwa wingi.

Ya tatu ndiyo watu wengi hawaijui. Ni kifua cha mtu kilichopasuka mfano wa nyota. Hiyo ni alama ya maradhi yanayokuja taratibu: saratani, madhara kwa uzazi, viungo vya ndani kuharibika kwa kutumia kitu muda mrefu.

Kwa hivyo jibu la kwanza kwa Bi Mkubwa lilikuwa hili. Fuvu lajibu swali la leo, kwamba je, kitu hiki kitaniua jioni hii? Kutokuwepo kwake hakusemi lolote juu ya mwaka wa kumi kutoka sasa.

PFOA safi, ile ambayo haijachanganywa na chochote, ina ainisho kali chini ya sheria ya Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2013. Ainisho hilo linasema huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Linasema huweza kumdhuru mtoto anayenyonya, kwa kuwa hupita katika maziwa ya mama. Linasema huharibu ini kwa kutumika muda mrefu, hudhuru macho vibaya, na inashukiwa kuleta saratani. PFOS nayo ina ainisho linalokaribiana na hilo. Kitu kama hicho kingestahili kile kifua chenye nyota.

Basi mbona dramu lilikuwa na mshangao peke yake? Nitafika hapo. Kwanza niliondoe tatizo jingine, maana hapo watu wengi hupotea.

Kundi la 1 maana yake nini

Mnamo Novemba 2023 wataalamu 30 kutoka nchi 11 walikutana Lyon, Ufaransa, kwenye Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani. Wakaiweka PFOA katika Kundi la 1, yaani vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Awali ilikuwa Kundi la 2B, yaani huenda inasababisha. PFOS wakaiweka 2B.

Habari hiyo ilipotoka, wengine walisema PFOA sasa ni hatari kama sigara, kwa kuwa sigara nayo imo katika Kundi la 1. Wengine wakacheka, wakisema hata soseji imo humo tangu 2015, basi hakuna la kuogopa. Wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja.

Makundi ya IARC hayapimi ukali wa kitu. Yanapima nguvu ya ushahidi. Kundi la 1 lasema: tuna hakika kwamba kitu hiki kinaweza kuleta saratani. Halisemi ni kwa kiasi gani, wala ni watu wangapi kati ya mia.

Nitoe mfano wa kwetu. Popoo, ile tunayoitia ndani ya tambuu, imo katika Kundi la 1. Haijalishi ni tambuu ya harusini mara moja kwa mwaka au ni ya mzee anayetafuna kutwa kucha. Kundi ni lile lile, lakini hatari ya watu hao wawili hailingani hata kidogo. Na kwa upande wa pili, dondoo la jani zima la shubiri limo katika 2B pamoja na PFOS, na hakuna mtu mwenye akili atakayesema vitu hivyo viwili ni sawa.

Jambo la pili lafaa kusemwa kwa uaminifu. Kilichoipandisha PFOA hadi Kundi la 1 ni ushahidi wa kutosha kwa wanyama wa maabara, pamoja na ushahidi wenye nguvu kuhusu namna kemikali hiyo inavyofanya kazi ndani ya watu waliofikiwa nayo. Ushahidi wa moja kwa moja wa saratani kwa watu, ambao ulikuwa wa figo na wa korodani, wataalamu waliuita wenye upungufu. Huo ulikuwepo, lakini peke yake haukutosha. Ndiyo sababu Ulaya katika ainisho lake bado inasema "inashukiwa" huku IARC ikisema "inasababisha". Si kwamba mmoja ni mwongo. Ni vyombo viwili, vyenye kanuni mbili, vilivyoketi miaka kumi mbalimbali.

Kwa hivyo ukisikia kemikali imeainishwa, tenganisha maswali matatu. La kwanza: huleta madhara ya aina gani? Hilo lajibiwa na alama na maneno ya lebo. La pili: ushahidi una nguvu gani? Hilo lajibiwa na kundi. La tatu: mimi nimefikiwa na kiasi gani? Hilo halijibiwi na lebo yoyote duniani. Hilo lajibiwa na kipimo cha maji yako na damu yako.

Lebo inaponyamaza

Sasa turudi kwenye mshangao wa pekee.

Lebo ya mchanganyiko haiandiki kila kilichomo. Kila aina ya hatari ina kiwango, na kemikali ikiwa chini ya kiwango hicho, mchanganyiko haulazimiki kuitaja hatari hiyo. Kwa kemikali inayodhuru mtoto tumboni, kiwango cha Ulaya ni asilimia 0.3.

Nikachukua kalamu, nikampigia Bi Mkubwa hesabu. Dramu la lita 200 lina uzito wa kilo kama 200. Asilimia 0.3 yake ni gramu 600, zaidi ya nusu kilo ya unga. Yaani dramu lingeweza kubeba PFOA karibu gramu 600 na lebo isitakiwe kuonyesha kile kifua chenye nyota kwa sababu yake.

Kisha tazama sheria nyingine ya Ulaya hiyo hiyo, ile ya kemikali zisizooza. Mwaka 2020 iliweka kwamba PFOA ikipatikana katika bidhaa bila kukusudiwa isizidi miligramu 0.025 kwa kilo. Kwa dramu lile lile la kilo 200 hiyo ni miligramu 5.

Gramu 600 kwa sheria ya lebo. Miligramu 5 kwa sheria ya marufuku. Tofauti yake ni mara 120,000.

Si kwamba aliyeandika sheria alilala. Sheria hizi mbili zinajibu maswali tofauti. Lebo ilitungwa kumlinda anayeshika dramu: mfanyakazi, mzimamoto, mpakiaji. Marufuku ilitungwa kumlinda yule ambaye hatalishika dramu maishani mwake, bali atakunywa maji yaliyopita chini ya mahali lilipomwagika.

Kwa hivyo jibu la pili kwa Bi Mkubwa: lebo kunyamaza si ushahidi wa usalama. Ni ushahidi tu kwamba kiwango cha lebo hakikufikiwa.

Swali la nne, ambalo alama haina

Kuna swali moja ambalo zile alama tisa hazikuwahi kuwa na picha yake. Kitu hiki kitakaa muda gani?

Sumu nyingi tulizozizoea huisha. Kemikali inayooza, hata ikiwa kali, ikimwagika leo na ikaachwa, baada ya muda imepungua yenyewe. PFOA haifanyi hivyo. Ikiingia ardhini inabaki PFOA, na kwa kuwa huyeyuka majini, husafiri na maji hadi kisimani. Ikiingia mwilini haikai kwenye mafuta kama DDT, bali hushikamana na protini za damu na ini. Nusu ya kiasi kilichomo damuni huchukua miaka kama 2 hadi 4 kutoka, hata ukiacha kabisa kuyanywa maji yale.

Hapo lile swali la tatu, la kiasi, linabadilika. Kwa kitu kinachooza, kidogo ni kidogo. Kwa kitu kisichooza, kidogo cha leo huongezwa juu ya kidogo cha jana, na mwili hauna njia ya haraka ya kukitoa. Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki, na sijui methali inayoifaa kemikali hii kuliko hiyo.

Marekani iliyajua haya kwa gharama. Karibu na mji wa Parkersburg, West Virginia, kando ya mto Ohio, kampuni ya DuPont ilianza kutumia PFOA mwaka 1951 kutengeneza Teflon. Mwaka 1998 mfugaji mmoja wa huko, Wilbur Tennant, alimwendea wakili Robert Bilott akamwambia ng'ombe wake wanakufa na maji ya kijito yanatoa povu. Kesi ile ilifungua mengine. Mwaka 2005 DuPont ilikubali kulipa dola milioni 16.5 baada ya mamlaka ya mazingira ya Marekani kuishtaki kwa kutotoa taarifa ilizokuwa nazo. Watu wapatao 69,000 waliokuwa wakinywa maji ya eneo lile walitoa damu na historia zao za afya, na jopo la wanasayansi likawachunguza kwa miaka. Mwaka 2012 jopo lilimaliza kazi na kusema kuna uhusiano wa kuaminika kati ya PFOA na maradhi sita: saratani ya figo, saratani ya korodani, maradhi ya tezi ya shingo, vidonda vya utumbo mpana, kolesteroli ya juu, na presha inayopanda wakati wa ujauzito. Mwaka 2017 kesi zaidi ya 3,500 zilimalizwa kwa dola milioni 671.

Panga miaka hiyo. Matumizi, 1951. Ainisho la Ulaya, 2013. Kuingizwa katika Mkataba wa Stockholm ili ipigwe marufuku, 2019. Kundi la 1, 2023. Kutoka kiwandani hadi Kundi la 1 ni miaka 72. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ni babu.

Uainishaji ni kazi ya lazima, lakini ni kazi ya polepole, na kwa haki kabisa, maana inasubiri ushahidi. Kemikali isiyooza haisubiri. Ukingoja kundi ndipo uchukue hatua, siku kundi likitangazwa kemikali iko kisimani tayari.

Ulaya imeanza kuliona hilo. Tangu mwaka 2023 sheria yake ya uainishaji ina madaraja mapya kwa kemikali zinazokaa muda mrefu na kusafiri na maji, pamoja na maneno ya onyo yanayosema huweza kuchafua vyanzo vya maji kwa muda mrefu sana na kwa eneo kubwa. Hata hivyo madaraja hayo yana maneno tu, hayana picha. Asiyejua kusoma hataona kitu.

Na hapa kwetu je?

Pwani yetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mwamba huu una matundu na mipasuko, na kinachomwagika juu hushuka chini haraka kuliko kwenye udongo wa mfinyanzi. Kila aliyechimba kisima karibu na choo cha shimo anajua ninachosema. Juu ya mwamba huu huu tuna bandari, maghala ya mafuta, viwanja vya ndege na vituo vya zimamoto, yaani zile sehemu ambazo duniani kote ndizo zimetumia povu la AFFF.

Msinielewe vibaya. Simshtaki mtu, wala sisemi visima vyetu vimechafuka. Nasema kuna maswali ambayo majibu yake yako kwenye karatasi za stoo, na tuna haki ya kuyauliza kabla ya kuhitaji daktari.

Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Stockholm tangu 2004. Mkataba huo uliiweka PFOS chini ya vizuizi mwaka 2009 na PFOA kwenye orodha ya marufuku mwaka 2019. Masharti yake kuhusu povu lililokuwa limeshafungwa kwenye mitambo yako wazi: povu lenye PFOA lisitumiwe kwa mazoezi, wala kwa majaribio isipokuwa pale ambapo kila tone litakusanywa. Hii ni kwa sababu katika nchi nyingi uchafu mkubwa haukutoka kwenye moto wa kweli. Ulitoka kwenye mazoezi, wiki baada ya wiki, povu likiachwa linywewe na ardhi.

Kwa hivyo maswali ni haya. Povu lililoko stoo ni la aina gani na la mwaka gani? Karatasi yake ya taarifa za usalama inasemaje? Karatasi hiyo huwa na sehemu 16: ya 3 hutaja vilivyomo, ya 12 hueleza athari kwa mazingira, ya 13 hueleza namna ya kutupa. Tafuta jina lolote lenye "fluoro" ndani yake, au zile herufi AFFF. Mazoezi hufanyiwa wapi, na maji yake huenda wapi? Na madramu yakiisha, hupewa nani?

Katiba yetu, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 42 kinampa haki ya mazingira safi, na cha 43 maji safi na salama. Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka taasisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Barua moja ya kamati ya mtaa, yenye maswali manne, inatosha kuanzia. Mbadala nao upo: kuna povu lisilo na florini, na viwanja vikubwa vya ndege kama Heathrow wa London vilishahamia huko.

Kama mtu adhani natia chumvi, na aende Owino Uhuru hapo Changamwe. Pale ilikuwa risasi, ile madini ya betri, si florini. Lakini mwendo ulikuwa ule ule: kitu kisichoonekana, watoto wakiugua, watu wakiambiwa hakuna ushahidi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi wake Desemba 2024. Miaka yote hiyo sumu ilikuwa na ainisho lake. Risasi ilijulikana kuwa sumu kabla ya babu zetu kuzaliwa. Ainisho halikumlinda mtu, kwa kuwa hakuna aliyeuliza mapema na akajibiwa.

Nyumbani tufanye nini

Nimalizie na ya jikoni, maana ndiyo Bi Mkubwa aliyoyataka tangu mwanzo.

Kuchemsha maji hakuondoi PFOA. Kunaua vijidudu, kwa hivyo usiache kuchemsha, lakini kemikali hii hubaki sufuriani. Klorini nayo haiigusi. Vinavyoipunguza ni vichujio vya makaa maalumu yanayobadilishwa kwa wakati, au mitambo inayosukuma maji kupitia utando mwembamba, kama ile ya kuondolea chumvi.

Kuosha dramu kwa sabuni mara tatu hakutoshi. Kemikali hizi zimetengenezwa zishikamane na nyuso, nazo hung'ang'ania plastiki na kutoka kidogo kidogo. Na maji utakayooshea utayamwaga wapi? Uani, juu ya mwamba ule ule.

Ujue pia udogo wa kiasi kinachozungumzwa. Mwaka 2024 Marekani iliweka kiwango cha PFOA katika maji ya kunywa kuwa nanogramu 4 kwa lita. Kwa kiwango hicho, gramu moja, ambayo haifiki robo ya kijiko cha chai, ikichanganywa sawasawa inatosha kuyafikisha kwenye mpaka huo maji lita milioni 250. Hayo ni malori 25,000 ya maji, yale ya lita 10,000. Haimaanishi ukinywa bilauri moja utaanguka. Maana yake ni kwamba masalio ya chini ya dramu, ambayo kwa macho si kitu, kwa kisima ni kitu.

Kwa hivyo dramu la kuwekea maji liwe lililobeba chakula: mafuta ya kupikia, juisi, maji ya matunda. Lebo ikiwa imebanduliwa, usinunue. Lebo ikisema povu la moto, hata kama ina mshangao tu, hata kama haina alama yoyote, usinunue.

Bi Mkubwa alinisikiliza, kisha akalirudisha dramu lake. Muuzaji alimrejeshea nusu ya pesa, nyingine akasema ni usumbufu. Alilisogeza dramu kwenye safu ya yale mengine, lebo ikitazama ukutani. Bi Mkubwa akamuuliza atalifanyia nini sasa.

"Mama, hilo halikai," akamjibu. "Watu wanataka maji."

Ijumaa nilipopita hapo nikienda msikitini, halikuwepo.